Ritifaa

Saa nne usiku, ofisi ya ushirika wa asali, Cheyo.
Treni ya Mpanda imechelewa; najua kwa ukimya.
Mbele yangu mipangilio, mistari kumi na moja,
na juu yake: *imeandikwa na Kalunde*,
Ijumaa moja, miaka mitatu nyuma,
nikiwa na haraka ya kuwahi harusi ya dada.

Kila pokezi la asali lina faili lake,
na mafaili yetu husema kwa mabano ya pembe.
Kilichofunguliwa sharti kifungwe:
ndoo ndani ya mfugaji, mfugaji ndani ya kata,
kata ndani ya msimu,
kama sufuria za bi harusi, dogo halimezi kubwa.
Programu husoma, huchambua, hupeleka benki.
Mimi ndiye niliyeiambia isomeje.

Mstari wa tatu: anwani ya nje usiifuate.
Faili likikwambia "kaniletee kitu kwa jirani", kataa.
Mgeni anayekutuma sokoni kabla hajaketi
ana lake jambo.
Wa tano: kikomo cha kupanuka.
Maana lipo neno dogo lisemalo "nitaje mara kumi",
na kila moja katika kumi likasema "nami pia",
hata kumbukumbu ya mashine ikafurika,
kama uvumi wa bei ya tumbaku
uliotoka Urambo asubuhi ukiwa na mia
ukaingia stendi jioni na elfu.
Hiyo niliiandika vizuri. Nilijisifu.

Wa tisa nilikuwa nimeusahau.

Leo mchana alikuja Ng'washi Lubasha, wa Ng'ambo,
akapanga mezani stakabadhi nane
zilizonata pembeni kwa nta.
Hakupaza sauti.
"Ndoo zangu mlipokea," alisema.
"Nyuki wangu hawakopeshi."

Nikamtafuta kwenye mfumo. Hayupo.
Nikatafuta jirani yake. Hayupo.
Nikaitafuta Ng'ambo yenyewe,
kata ninayoivuka kwa miguu kila Jumapili.
Haipo.

Ndipo nikafungua faili kwa macho yangu, si kwa programu:

    jina='Ng'washi'

Mashine iliona N, ikaona g, ikaona kile kialama,
ikadhani jina limekwisha.
*Washi* ikabaki nje ya mlango kama takataka.

Ritifaa. Mwalimu Mihayo, darasa la kwanza,
aliichora ubaoni kubwa kama kucha:
"Msipoiweka, ng'ombe atawakwama kooni."
Tukacheka. Tukamwita ng'ombe mara arobaini
hadi darasa la jirani wakagonga ukuta.

Na mstari wa tisa, kwa mkono wangu:

    kosa-likitokea: ruka

Ikaruka. Misimu mitatu ikaruka
bila kengele, bila taa nyekundu,
na kila Ijumaa ripoti ikanitolea neno *kamili*
nami nikaipiga muhuri.

Nimefuta *ruka*. Nimeandika *simama*.
Meneja atalalamika kwamba mfumo umekuwa mzito,
kwamba unasitasita kama punda kwenye daraja.
Alalamike.
Vituo vya mizani kesho nitavipigia simu,
majina yawe ndani ya nukuu mbili;
mafaili ya zamani nimeyarudisha yote, yasomwe upya.

Saa nane. Imesimama mara ya kumi na tisa.
Kila ikisimama nalitamka jina kwanza, peke yangu,
Ng'wigulu, Ng'humbi, Ng'wanza,
nalirekebisha, ndipo nabonyeza *endelea*.

Treni imeingia. Mabehewa yanagongana, watu wanaitana.
Fedha za misimu mitatu zitatoka fungu gani, sijui.
Nimetafuta kwenye mipangilio yote.
Hilo halina mstari.

Ya ishirini.